Kumkanda Rukia katika Joto la Dubai

Akina mama wa kundi letu, nimewaona. Tangu nirudi mnanizungukazunguka na maswali yenu. Mmoja amefika mpaka nyumbani na sahani ya kaimati kama mtu aliyekuja kutoa pole, akakaa akiutazama uso wangu mpaka chai ikapoa. Mimi ninayewatumia ujumbe wa sauti hata nikiona nyanya zimeshuka bei, nimekwenda kwa mwanangu nikakaa mpaka arobaini ikatimia bila kuwatumia hata picha ya ukucha wa mtoto. Mna haki ya kuuliza kumetokea nini. Nitaeleza, tena kwa kuandika, kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo nitajitetea.

Kwa walioingia kundini juzi: Rukia ni mwanangu wa pekee, amekulia hapa hapa Toronto, mtaa wetu wa Jane na Finch. Aliolewa na Athman, kijana wa Mombasa anayefanya kazi bandarini Dubai. Kiangazi hiki wamepata msichana, wamempa jina la mama yangu, Mwanaisha. Na mimi, kama mnavyojua, ndiye ninayeitwa mtu akizaa, kuanzia jengo letu mpaka mji wa Pickering. Namkanda mzazi kwa maji ya moto, nampaka mafuta, namfunga tumbo kwa mkaja, namnywesha uji wa pilipili manga, na baridi haimgusi mpaka arobaini itimie. Wengi wenu mmepita mikononi mwangu. Kwa hiyo nilipokwenda kwa Rukia sikwenda kama mgeni, nilikwenda kama fundi.

Kutoka Finch

Siku niliyoondoka Toronto ilikuwa na joto, na watu walikuwa wamelichukua kama msiba. Kwenye lifti kila mtu anajipepea na barua za matangazo, redio inaonya wazee wasitoke, na jirani yangu wa Jamaika amekaa kizingitini na miguu ndani ya beseni. Aliponiuliza naenda wapi nikamwambia Dubai, akashika kichwa. Akasema watu wenye akili wanakimbia kule mwezi huu. Nikamcheka. Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, nimelala utotoni mwangu juu ya mkeka uliolowa jasho. Joto lipi la kunitisha mimi?

Lililonitisha lilikuwa jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba nyumba za kule ni baridi kama friji, watu wanawasha kiyoyozi usiku na mchana. Mzazi mbichi ndani ya friji! Basi nikafunga mzigo kama mtu aendaye vitani: samli, tangawizi kavu, pilipili manga, mikaja mitatu, leso za kutosha, chupa ya mpira ya kutia maji ya moto, na blanketi la sufu nililolinunua wakati wenzangu wananunua feni.

Basi la Finch lilitukwamisha kama kawaida. Mnaijua ile barabara, wakimaliza kuchimba huku wanaanza kule. Dereva alizima injini, akatufungulia mlango tupate hewa. Mzigo wangu ukaanza kunuka samli, mwanafunzi mmoja akahama kiti. Sikujali. Nilikuwa nahesabu moyoni nitakayoyafanya nikifika, nikaona nimechelewa mno, kwa sababu mtoto alikuwa na wiki tayari na mwanangu hajafungwa tumbo.

Istanbul, pamoja na Mama Simran

Ndege ya pili ilichelewa. Kwanza walisema kidogo, halafu wakaacha kusema. Tuliketi kwenye viti vya chuma, na juu yetu tundu la hewa linapuliza baridi kwenye shingo. Nikajitanda leso. Mama wa Kipunjabi aliyekuwa kando yangu akajitanda shali yake. Tukatazamana, tukahama pamoja bila kuambiana neno.

Kumbe na yeye ametoka kwetu, Brampton, na na yeye bintiye amejifungua, yuko Sharja, jirani na Dubai. Akanionyesha picha ya bintiye kwenye simu akasema Simran, basi nikamwita Mama Simran. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, changu mnakijua kikichoka kinavyokuwa, lakini tulielewana kuliko watu wengi ninaosikilizana nao lugha. Alifungua kopo, ndani mna unga wa ngano uliokaangwa kwa samli, lozi na tangawizi. Nikaonja. Wenzangu, ni chakula cha mzazi kile, hata ungenifumba macho ningekitambua. Mimi nikatoa mahamri. Akala mawili, akaweka la tatu kwenye mkoba.

Tukaanza kuulizana kwa mikono. Mzazi kwenu anakunywa maji baridi? Akatikisa kichwa kwa ukali. Anakaa penye upepo? Akaziba masikio kwa shali kunionyesha. Anaosha nywele mapema? Akacheka kwa dharau. Nikamwona ni dada yangu wa tumbo moja. Ndegeni tulipewa viti vya safu moja, na tukayafunga matundu yote ya hewa tuliyoweza kuyafikia, yetu na ya watu. Kijana mmoja akalifungua lake, Mama Simran akalifunga tena bila hata kumtazama. Mpaka tunatua tulikuwa tumepeana namba za simu na tumekubaliana kwamba hivi viyoyozi ndivyo vinavyoharibu wasichana wetu.

Mlango wa uwanja

Mnajua miwani yetu huku hushika ukungu wakati wa baridi, ukiingia ndani. Kule inashika ukungu ukitoka nje. Mlango ulifunguka, nikapiga hatua moja, dunia ikawa nyeupe. Nilidhani presha imenipanda nikapofuka. Nikasimama na kigari changu nikaanza kupiga shahada, watu wananipita.

"Mama, ni mvuke tu. Futa miwani," nikasikia. Alikuwa Athman. Akaniamkia, akachukua mzigo, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alisema kwa uso wa mtu aliyechoka kweli, si kwa utani. Athman ana adabu ya zamani. Mkwe wake hamtazami machoni, na neno la kunipinga halijawahi kumtoka tangu siku ya posa.

Sasa lile joto. La Mombasa nalijua, linakuonea mchana, lakini jua likishuka upepo unaingia na watu wanatoa viti nje. Hili halikuwa na upepo wala mwisho. Hewa ilikuwa nzito, imelowa, ya moto, kama umefunua sufuria ya wali ukaisogezea uso. Nilishika kitasa cha gari nikakiachia. Njiani niliuliza kama ni siku ya mapumziko, maana sikuona mtu anayetembea. Vituo vya mabasi ni vyumba vya vioo, watu wamejifungia ndani wanangoja. Mahali pengine niliwaona vijana wa kupeleka vyakula kwa pikipiki wamesimama mstari mmoja mwembamba barabarani. Nikashangaa wamepanga foleni ya nini, mpaka nikaona ni kivuli cha nguzo ya taa, wameingia humo wote wanne. Athman aliposimama kwenye taa nyekundu alishusha kioo akampa mmoja chupa ya maji. Garini ana katoni nzima ya maji miguuni.

Huruma iliniingia, siwafichi. Lakini nikajiambia joto hilo ni la nje, na mimi kazi yangu ni ya ndani.

Nyumba ya Rukia

Ndani palikuwa baridi kama nilivyoambiwa. Rukia alikuwa kwenye sofa na fulana nyepesi, nywele mbichi, miguu mitupu kwenye vigae, mtoto kifuani. Mkononi ana glasi ya maji yenye barafu. Nilihisi mtu amenichoma sindano.

Nikambusu, nikambusu mtoto, nikalia kidogo. Kisha nikaitoa ile glasi mkononi mwake taratibu, nikachukua rimoti mezani, nikazima kiyoyozi. Rimoti nikaitia mfukoni mwa dera.

"It's fine, Ma," akasema Rukia, akatabasamu.

Mwanangu anasikia Kiswahili chote, lakini jibu lake ni Kiingereza, na mara nyingi jibu lenyewe ndilo hilo. Toka mdogo. Viatu vinambana, it's fine. Wamemcheka shuleni, it's fine. Nilikuwa najisifu kwenu kwamba Mungu amenipa mtoto asiye na makuu.

Athman alinipa somo moja jioni ile. Alisema kiangazi bomba la baridi lisiguswe, kwa sababu matangi yako juu ya paa na maji yanachemka huko. Unafungua bomba la moto, maana hita wameizima na maji yaliyotulia ndani ya nyumba ndiyo yana nafuu. Nikajua amechoka, anachanganya. Asubuhi nikanawa uso kwa bomba la baridi, nikaruka. Mtu mwingine angeona ni balaa. Mimi nikaona neema, maji ya kukandia yanatoka yenyewe bure.

Nikaanza kazi. Alfajiri nafungua madirisha ili upepo uingie, kama kwetu. Upepo haukuingia. Uliingia mvuke, pamoja na hewa ya moto inayotupwa na mashine za viyoyozi vya majirani, mpaka vigae vikatoa jasho na kioo cha kabati kikalia machozi. Nikafunga madirisha, nikaacha kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Namkanda Rukia, namfunga mkaja, namvika soksi, namfunika. Mtoto namvika kofia na leso mbili. Anatokwa na jasho Rukia, nywele zimemganda usoni. Nikamwambia jasho ni dawa, linatoa uchafu wa uzazi. Akiomba maji nampa chai ya tangawizi. Akimaliza namletea uji.

"Unasikiaje, mwanangu?"

"It's fine, Ma."

Athman naye alikuwa akirudi kazini anasimama mlangoni, joto la nyumba linampokea. Siku moja akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba leo ndani kuna joto kidogo. Nikamjibu joto ndiyo afya ya mzazi. Akasema, "Ndiyo, Mama," akatoka tena. Nikachungulia dirishani. Alikuwa ameketi ndani ya gari chini ya jengo, injini inanguruma, kiti amekilaza. Akakaa, akakaa. Kesho yake vile vile. Wenzangu, mimi ni mtu mzima. Mume mpya, mke yuko arobaini, anashuka kukaa garini peke yake na simu? Nikaona ndoa ya mwanangu imeshaingiliwa na mwanamke. Nikamdokezea Rukia kwa mbali kwamba wanaume wa mijini ni wa kuchungwa. Akaniambia nimwache, hana neno.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, Rukia aliinuka kumbadilisha mtoto. Akashika ukuta, akateleza nao mpaka chini. Nilimkimbilia. Hakuzimia, ila macho yalikuwa hayajui yanatazama nini na midomo imekauka kama ya mgonjwa wa siku nyingi. Nikamgeukia mtoto. Tangu asubuhi alikuwa amelala kimya na nepi yake kavu, na mimi nilikuwa nikimsifu kwamba ametulia kama mama yangu. Nilipomwinua alikuwa wa moto, wa moto kabisa, na kichwa kimelegea. Nikampa ziwa la mama yake, hakulishika. Nikamtekenya nyayo kama ninavyowafanyia wa kwenu, akafumbua jicho moja akalifumba.

Nikaita kwa dirisha. Athman alikuwa chini garini, akapanda mbio. Akamtazama mkewe, akamtazama mtoto. Kisha akainua macho akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "naomba rimoti."

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaitoa, nikampa.

Hospitali

Alikiwasha kiyoyozi, akamnywesha Rukia maji, akatushusha sote garini. Nilikaa nyuma na mtoto. Kwenye kiti kulikuwa na mto, shuka iliyokunjwa na mswaki. Alikuwa halali nyumbani, Athman. Usiku tukilala anashuka kulala garini kwenye ubaridi ili asinitamkie mimi neno, na alfajiri anaenda kazini. Na mimi nilikuwa nikimtafutia mwanamke.

Hospitalini walimchukua mtoto mara moja, na Rukia akatiwa dripu kitanda cha jirani. Mimi nikaachwa kwenye ujia. Sitawapamba maneno. Niliogopa. Nimeshika watoto wachanga wangapi wa watu, Mungu ananijua, wote wamekua, na pale nilikuwa sijui kama wangu nitarudishiwa. Nilitaka kumwomba Athman radhi, akaniwahi. Akaenda akaniletea kikombe cha chai. Ningependa angenitukana.

Muuguzi aliyetoka alikuwa wa kwetu Kenya, Mkisii, nilimjua akifungua tu mdomo. Alinikalisha. Akasema mtoto amepata joto jingi na maji yamepungua mwilini, na mama naye vile vile, ndiyo sababu maziwa hayakushuka. Wameanza kumpa maji, wanamtazama. Nikamweleza yote, hata pilipili manga. Hakunicheka.

"Mama, usiache kumkanda. Mimi mwenyewe nilikandwa," akasema. "Lakini hapa upepo hautoki baharini. Unatoka ukutani. Ukiuzima, umewafungia."

Jioni mtoto akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtu aliyecheleweshewa chakula, kinasikika ujia mzima. Athman akakaa chini sakafuni palepale. Mimi nikalia kwa sauti bila aibu, na mwanamke wa Kihindi nisiyemjua akanishika bega.

Waliwalaza kwa uangalizi. Kesho yake nikaketi kando ya Rukia. Rangi ilikuwa imemrudia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia anaumia. Ningewasha. Mimi ni mkali, lakini si mwendawazimu. Nilingoja lile jibu lake la kila siku. Akajibu kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, polepole.

"Ma, nikiwa mdogo, kila mtu akizaa wewe unaenda. Unachukua mfuko wako, unaenda. Mimi nabaki nakungoja. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nasema, one day itakuwa zamu yangu. Sasa imekuwa zamu yangu. Ningekuambia nini? Wacha?"

Nilimfunika miguu, kisha nikakumbuka, nikamwuliza kwanza kama anataka kufunikwa. Akasema hapana. Nikamfunua.

Zamu

Tuliporudi nyumbani niliamua mkono wangu hautamgusa mtu tena. Nikaketi sebuleni kama mgeni wa kulipa. Nikamkumbuka Mama Simran, nikashituka: naye yuko kule Sharja na kopo lake na shali yake. Nikampigia haraka, nikamwambia kwa Kiingereza kilichovunjika awashe kiyoyozi, ampe binti maji. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia siku ileile aliyofika, alipogusa tu ile mashine, Simran alimfokea mbele ya mumewe, wakanuniana siku mbili, yakaisha. Kiyoyozi kinawaka, mjukuu ananenepa.

Nilikata simu nikakaa nayo mkononi. Yule mwenzangu alikuwa na makosa yaleyale niliyokuwa nayo, neno kwa neno. Kilichomwokoa ni mtoto anayefoka. Nikamwonea wivu, tena mkubwa.

Asubuhi iliyofuata Rukia akatoka chumbani na mkaja mkononi. Akasimama mbele yangu.

"Ma, zamu yangu haijaisha."

Nikamwambia naogopa. Akanishika mkono akaniingiza ndani. Kiyoyozi alikiweka anavyotaka yeye, si kama friji, wastani tu. Glasi ya maji akaiweka karibu na mto. Akalala kifudifudi. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikakikamua, nikaanza mgongoni.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapo panauma, Ma. Punguza."

Nikapunguza. Mnanijua, sina kawaida ya kupunguza. Nilimkanda hivyo kila siku, nikiuliza, naye akijibu, wakati mwingine kwa ukali kidogo: maji haya ni moto sana, uji huu wa leo siuwezi, niachie nilale. Athman akarudi kulala kitandani kwake. Siku moja alisema chumvi imezidi kwenye mchuzi. Alisema akiangalia sahani, lakini alisema, na mimi nikaongeza nazi.

Arobaini ilipotimia tulitaka mtoto atoke nje aione dunia, kama desturi. Dunia yenyewe ilikuwa inachemka. Athman akatupeleka ufukweni mara tu baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijatoa kichwa. Hata hivyo hewa ilikuwa mbichi na nzito, na bahari niliyoitia mkono ilikuwa vuguvugu kama maji ya kunawia mikono. Palikuwa na watu, wanatembea haraka haraka wamalize kabla jua halijatoka. Mwanaisha akapiga chafya. Rukia akasema inatosha, turudi. Tukarudi.

Toronto

Safari ya kurudi haikuwa na kisa, ila nililipa deni langu: ndegeni kijana mmoja alifungua tundu la hewa juu yangu, nikamwacha. Nilishuka Toronto jioni, nikapanda basi la Finch, tukakwama palepale tulipokwama wakati wa kwenda. Majani ya mti mmoja yameshaanza kuwa mekundu. Jirani yangu wa Jamaika ameondoa beseni.

Wenye mimba kundini, msianze kunong'ona. Nitakuja, mkinihitaji. Ila atakayeniambia haumii na huku anaumia, nitachukua mfuko wangu nirudi nyumbani.

Tangu nirudi nilikuwa nampigia Rukia asubuhi, mchana na jioni. Mtoto amenyonya? Umekunywa maji? Nyumba ina joto? Juzi alipokea, nikasikia anavuta pumzi.

"Ma, unapiga sana. Nikiwa nalala unapiga, nikimnyonyesha unapiga. Imezidi."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Sijawahi kufurahi kulaumiwa namna ile. Nikamwuliza, basi nikupigie lini? Akafikiri kidogo, akaniambia nisipige. Atanipigia yeye.

Kwa hiyo leo msinipigie, wala msitume zile sauti zenu ndefu. Simu iko hapa mezani, nami nangoja.